Udongo wa Kilwa na Miaka ya Kuazima

Jiwe la Nyeri huhifadhi umri wake ndani yake lenyewe, ilhali udongo wa Kilwa sharti uazime wake kwingine. Na katika tofauti hiyo ndimo ilimo kazi ya wanazuoni wanaotumia visukuku vidogo vya baharini kupanga taarikhi ya miamba. Kuanzia Karatina hata Nanyuki, na upande wa pili kutoka Embu hata Chogoria na Meru, ardhi tunayoilima na mawe tunayoyachonga kwa ujenzi ni zao la volkano za Mlima Kenya na Nyandarua. Na pale miamba ya kale zaidi inapojitokeza, katika nyanda za Mbeere, ni mawe yaliyopikwa kwa joto na kugandamizwa kwa uzito, hata kama yaliwahi kubeba alama ya uhai isingalisalia. Mtu wa mlimani, basi, hana gamba la bahari la kuokota shambani mwake, lakini anacho kitu ambacho mchunguzi wa magamba hawezi kuacha kukihitaji.

Kitu hicho ni saa iliyomo katika lava. Inapokuwa bado ni uji wa moto, lava hupoteza gesi ya argoni iliyokuwamo. Ikiisha kuganda, potasiamu yenye mionzi iliyofungwa katika madini yake hugeuka kidogo kidogo, sehemu yake ikawa argoni, kwa mwendo usiobadilika ambao kwao nusu ya potasiamu hiyo huisha katika muda wa miaka bilioni 1.25. Mpimaji akilinganisha argoni iliyokusanyika na potasiamu iliyobaki hupata miaka, na kwa vipimo vya namna hiyo ilijulikana kwamba takriban miaka milioni 3 iliyopita Mlima Kenya ulikuwa ukitema moto. Udongo uliotua chini ya bahari hauna saa hiyo, kwa kuwa kila punje yake ilimeguka katika mwamba uliotangulia: ukiipima punje utaujua umri wa mlima ilikotoka, wala hutaijua siku ilipotua.

Hapo ndipo foraminifera wanapohitajiwa. Ni viumbe wa seli moja, aghalabu wasiofikia milimita moja, wengi wao wakijijengea gamba la chokaa lenye vyumba; baadhi huishi juu ya matope, na wengine huelea katika maji na kuchukuliwa na mikondo kutoka bahari hata bahari. Hao waeleao ndio hazina, madhali spishi moja yaweza kupatikana Kilwa na Italia katika zama zile zile, na madhali spishi hizo hazikudumu sana kabla ya kutoweka na kuziachia nyingine nafasi. Fauka ya hayo, udogo wao hufanya konzi moja ya udongo wa kisima iwe na mamia yao, pahali ambapo mfupa wa mnyama mkubwa usingepatikana ila kwa bahati.

Pwani ya kusini ya Tanzania ina cheo kikubwa katika elimu hii, na nalisema hilo kwa fahari. Mwaka 1962 W. H. Blow na F. T. Banner walichapisha uchunguzi wao wa foraminifera waeleao wa zama za Eosini na Oligosini, na sehemu kubwa ya ushahidi wao ilitoka Lindi, katika nchi iliyokuwa ikiitwa Tanganyika. Miongo minne baadaye, Paul Pearson na wenzake, kwa ushirikiano na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, ambako Joyce Singano alikuwa mtaalamu wa visukuku vidogo, walitoboa visima katika Kilwa na Lindi na kuyapanga matabaka ya huko, mnamo 2006, kwa majina ya Nangurukuru, Kivinje, Masoko na Pande, kutoka la kale hata la karibuni. Sifa ya pekee ya mashapo hayo ni kwamba udongo wake mwororo haupitishi maji, wala haukupata kuzikwa kwa kina kikubwa, na kwa hiyo magamba yake hung'aa kama kioo, ilhali yale ya sakafu ya bahari kuu aghalabu huwa yamejifuma upya kwa fuwele za chokaa na kugeuka meupe yasiyopenywa na nuru.

Kazi yenyewe hutaka subira. Kekee yenye tundu huteremshwa na kupandisha nguzo ya udongo isiyovurugwa, ambayo hukatwa vipande na kila kipande kikaandikwa kina chake. Kipande hulowekwa hata kikalegea, kikaoshwa juu ya chekeche lenye matundu ya sehemu 63 za elfu ya milimita, na mabaki yakakaushwa. Kisha mchunguzi huketi mbele ya hadubini na kuyaokota magamba moja moja kwa ncha ya brashi iliyoloweshwa, akiyapanga kwa spishi juu ya kibao cheusi. Anachotafuta ni mambo mawili: kina ambapo spishi inaonekana mara ya kwanza, na kina ambapo inaonekana mara ya mwisho.

Katika visima vya Pande mpangilio huo ulikuwa wazi. Ukipanda kutoka chini, kwanza hutoweka Turborotalia cerroazulensis na jamaa zake. Juu kidogo hutoweka jamii yote ya Hantkenina, ambaye gamba lake hutambulikana upesi kwa miiba yake mirefu. Kutoweka huko kwa Hantkenina ndiko kulikochaguliwa na wanajiolojia kuwa mpaka wa Eosini na Oligosini, na kigezo chake kiko Massignano, karibu na Ancona, Italia. Basi udongo wa Kilwa na miamba ya chokaa ya Massignano, visivyofanana kwa rangi wala kwa asili, vimethibitika kuwa vya wakati mmoja. Lakini miaka ni mingapi? Magamba hayasemi. Yamesema majivu ya volkano yaliyoangukia bahari ile ya Italia yakiwa na madini ya mika, yakapimwa kwa argoni, yakasaidiwa na kumbukumbu ya kugeuka kwa usumaku wa dunia: miaka milioni 33.9. Jamaa ya lava yetu ndiyo iliyoukopesha udongo wa Kilwa umri wake. Na kwa umri huo Pearson, Gavin Foster na Bridget Wade waliweza, mwaka 2009, kupima boroni katika magamba hayo, kukadiria kwayo kiasi cha hewa ya ukaa, na kukilinganisha na kukua kwa barafu ya Antaktika.

Hatari ya njia hii nayo haifichiki. Tuchukue mfano: sarafu ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa ilipatikana Great Zimbabwe. Inathibitisha kwamba pahali ilipolala hapakufunikwa kabla ya karne ya 14, ila yaweza kuwa ilizunguka mikononi mwa watu muda mrefu kabla ya kudondoka. Ndivyo ilivyo kwa gamba lililong'olewa katika tabaka la kale na kutua tena katika jipya: humfanya mchunguzi adhani spishi imeishi kupita ajali yake. Katika visima vya mafuta kosa hugeuka, kwani vifusi vya juu huporomokea chini na spishi ikaonekana imezaliwa mapema mno. Kwa sababu hiyo sikubali umri uliojengwa juu ya spishi moja. Sharti ushahidi wa jamii nyingine uulizwe, mathalani mwani wa chokaa Discoaster saipanensis, ambaye kutoweka kwake hutangulia kidogo kule kwa Hantkenina.

Mlimani kwetu sanaa iliyo jamaa ya hii imefanywa katika maziwa. J. A. Coetzee alichunguza chavua katika matope ya Sacred Lake, yapata mita 2,350 juu ya usawa wa bahari, na mwaka 2001 Philip Barker na wenzake wakachapisha taarikhi ya miaka 14,000 iliyosomwa katika oksijeni ya magamba ya diatomu, yaani mwani mdogo wa seli moja, kutoka Simba Tarn na Small Hall Tarn. Diatomu hao ni wa maji matamu, na muda wa miaka 14,000 ni mfupi mno kwa kutoweka kwa spishi kuweza kuhesabia wakati. Wanaeleza habari za mvua na theluji, na miaka hutafutwa katika kaboni yenye mionzi iliyomo matopeni. Kaboni hiyo nayo huishiwa nguvu katika miaka kama 50,000, na matope ya kale kupita hapo sharti yatafutiwe, tabaka kwa tabaka, majivu ya volkano.