Yuda Anapouliza Amechelewa

Katika sharika nyingi za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) igizo la Ijumaa Kuu hupachikwa tu katikati ya ibada. Vijana wa kwaya waliojifunga kanga na mashuka husimama mbele ya madhabahu, simu zinainuliwa, Yuda anawachekesha watu kwa mfuko wake wa vipande vya fedha, makofi yanapigwa, kisha liturgia inaendelea pale ilipoachiwa. Wanaopinga maigizo huutumia mfano huo, na nawaelewa. Lakini kinachoharibika hapo ni mshono. Washarika wamegeuzwa watazamaji, na mtazamaji huwahukumu wahusika badala ya kujihukumu. Luther aliliona tatizo hilo mapema: katika mahubiri yake ya 1519 juu ya kuyatafakari mateso ya Kristo, aliwakemea wanaomaliza Ijumaa Kuu kwa kumkasirikia Yuda na Wayahudi bila kuiona dhambi yao wenyewe.

Ufundi wa kulitatua tatizo hilo unaonekana waziwazi katika Mateso ya Yesu kwa Mathayo ya Johann Sebastian Bach, ambayo wataalamu wengi wanaamini iliimbwa mara ya kwanza Ijumaa Kuu ya 1727 katika kanisa la Mtakatifu Thomas, Leipzig. Haikuwa tamasha. Ilikuwa ibada ya alasiri, na mahubiri yaliwekwa katikati: sehemu ya kwanza inakoma wanafunzi wanapokimbia bustanini, mchungaji anapanda mimbarini, kisha kesi na msalaba vinafuata. Maneno ya Mathayo, sura ya 26 na 27, hayakuguswa. Anayeyasimulia ni Mwinjilisti, sauti ya tenor, na mistari ya Yesu, Petro na Pilato imegawiwa waimbaji wengine. Kila Yesu anaposema, vinanda vya nyuzi huizunguka sauti yake. Anapolia msalabani kwamba Mungu amemwacha, nyuzi hizo zinanyamaza. Hakuna vazi wala pazia, na bado msikilizaji anaelewa kilichoondoka. Ila kiungo kikuu kiko mezani pa Pasaka. Yesu anasema mmoja wao atamsaliti. Kwaya, kwa niaba ya wanafunzi, inauliza, “Bwana, ni mimi?”, na neno Bwana linatajwa mara 11, mara moja kwa kila mwanafunzi asiye Yuda. Kabla Yesu hajajibu, simulizi inasimama na unaingia wimbo wa kanisa wa Paul Gerhardt, ambao mwimbaji wake anakiri kuwa ndiye mwenye hatia anayestahili adhabu.

Mtu atasema huo ni muziki, si uigizaji. Lakini waliomwajiri Bach walijua jinsi mambo hayo yanavyokaribiana: mwaka 1723 walimtaka aahidi kwamba muziki wake kanisani hautafanana na opera, bali utawaamsha watu kwenye ibada. Kipimo chao kilikuwa kazi ambayo muziki unaifanya moyoni, na kipimo hicho hicho kinalifaa igizo. Pingamizi zito zaidi ni kwamba washarika wa Leipzig huenda hawakuuimba wimbo ule wa Gerhardt, bali kwaya iliimba peke yake. Hata hivyo, sauti ya wimbo ule waliijua toka utotoni, na wimbo unaoujua kwa moyo huwezi kuusikia kama mgeni. Hapa sharika zetu zina nafasi pana kuliko Leipzig, kwa kuwa kitabu cha nyimbo cha Mwimbieni Bwana kimo mikononi mwa watu na wamezoea kuimba kwa sauti nne bila kuombwa. Igizo linaweza kukatwa pale swali linapoulizwa, waigizaji wakabaki wamesimama kimya, usharika wote ukainuka na kujibu kwa wimbo wa toba, na mahubiri yakafuata kabla hadithi haijamalizika. Makofi hayatapata pa kuingilia. Na Yuda wa kuchekesha atakosa kazi, maana Bach alifuata mpangilio wa Mathayo mwenyewe: Yuda hayumo katika zile sauti 11. Anauliza baadaye, peke yake, wimbo ukiwa umekwisha, na kanisa zima limekwisha kukiri kabla yake.