Miadi ya Siku 16 na Mlipuko Uliochelewa

Kwa muda mrefu, kutafuta milipuko ya redio ya ghafla chini ya megahezi 200 hakukuzaa kitu. Milipuko hiyo hutoka galaksi nyingine na hudumu milisekunde chache tu. Mwaka 2021 ukimya ukavunjika: LOFAR, darubini ya redio yenye kitovu chake karibu na Exloo, Uholanzi, ilinasa milipuko 18 ya FRB 20180916B, chanzo kilicho umbali wa karibu miaka ya nuru milioni 500.

Adui wa kwanza wa utafutaji huo ni elektroni zilizotapakaa njiani. Masafa yakipungua nusu, mawimbi huchelewa mara nne zaidi. Kwa chanzo hiki, wimbi la megahezi 188 hulitangulia lile la 110 kwa sekunde 79 hivi. Hata ndani ya chaneli moja ya kilohezi 195, kwenye masafa ya chini mlipuko huvutika hadi karibu nusu sekunde, ukazama katika kelele za Galaksi yetu.

Timu ya Ziggy Pleunis, iliyoinasa milipuko hiyo kwa LOFAR, haikupapasa gizani. Darubini ya redio CHIME ya Kanada ilikwishatoa mwelekeo, kiasi cha elektroni na ratiba: chanzo huamka kila baada ya siku 16.35. Basi walirekodi mawimbi ghafi, wakasahihisha uchelewaji ndani ya kila chaneli kabla ya kupima nguvu. Ni kazi inayokula kompyuta, na inafaa tu ukijua unachokitafuta. Mwangwi wa mawimbi yaliyopita njia tofauti haukutibika. Katika megahezi 150 uliacha mkia wa milisekunde 50 hivi.

Utamu wenyewe, kwangu, uko kwenye ratiba. Milipuko ya LOFAR ilikuja takriban siku tatu baada ya kilele cha CHIME, inayosikiliza masafa ya juu zaidi. Elektroni za njiani huchelewesha kwa sekunde na dakika, si kwa siku. Kwa hiyo sababu iko kwenye chanzo chenyewe. Timu ya Inés Pastor-Marazuela, ikitumia pia kifaa cha Apertif kwenye gigahezi 1.4, ilikuta masafa ya juu yakiamka mapema na kunyamaza upesi. Nadharia nyepesi ya upepo wa nyota jirani unaokiziba chanzo ilitarajia kinyume: masafa ya chini ndiyo yawe na muda mfupi.

Tena baadhi ya milipuko ilifika hadi megahezi 110 bila kukatika, ishara kwamba gesi inayokizunguka chanzo si nzito. Ukomo wa masafa ya milipuko hiyo, kama upo, uko chini zaidi, na hatua ya kwanza kushuka ni kwenye masafa yanayotawaliwa na stesheni za FM.