Harufu Ndiyo Mizani: Kuchagua Viungo na Mitishamba ya Meru na Embu

Mnunuzi wa miraa huko Maua hapepesi macho. Hutazama rangi ya vichipukizi, hukunja kijiti kuona kama ni laini, hufunua jani la mgomba kuhakikisha kwamba mzigo ulikatwa asubuhi hiyo, kwa kuwa anajua nguvu yake itaanza kupungua kesho. Mla muguka wa Embu naye ana macho yake. Lakini mtu huyo huyo akitumwa tangawizi sokoni hubeba ya kwanza aliyopewa, na akitaka dawa ya kikohozi hununua unga wa kahawia uliofungwa kwenye karatasi bila kuuliza umetoka kwa mti gani. Jicho analo. Halijafundishwa tu kutazama viungo, na mwongozo huu ni wa kulifundisha.

Ubora wa karibu kila kiungo umo katika mafuta yake. Hayo ndiyo yanayonukia na yanayobaki kooni baada ya kumeza. Jua kali huyafukuza, joto la jiko huyafukuza, na kusaga huyafukuza kuliko yote, maana unga una nyuso nyingi za kupitisha hewa. Kwa hiyo maswali ya kumuuliza muuzaji ni mawili: kiungo hiki kilikuwa na mafuta kiasi gani kilipovunwa, na kimetunzwaje tangu siku hiyo? Asipoweza kujibu, kiungo chenyewe kitajibu ukikivunja.

Swali la kwanza hujibiwa kwa sehemu na mahali. Mlima Kenya umewapa watu wa upande huu ngazi. Juu karibu na msitu ni chai, chini yake kahawa, kisha mahindi na ndizi, mpaka unateremka Mbeere na Tharaka kwenye mtama, pojo na joto. Mji wa Embu uko mita kama 1,350 juu ya bahari, Meru kama 1,500, na Timau hupita 2,000. Rosimeri hupenda ubaridi mkavu wa Timau. Tangawizi hutaka udongo mwekundu wenye kina na unyevu, kama ule wa Nkubu na Runyenjes. Pilipili ndogo kali hufurahia jua la Mbeere. Muuzaji akikwambia dhania yake imetoka nyanda za chini msimu wa joto, angalia mara mbili kabla ya kutoa pesa.

Tangawizi ndiyo inayodanganya wengi. Katika soko la Gakoromone, Meru, kama katika soko la Embu mjini, utakuta ile kubwa, iliyooshwa, yenye ngozi nyororo, ikipangwa mbele, na ile ndogo yenye vidole vingi na udongo bado umeshika ikiwekwa nyuma kwa bei ya chini. Nyingi ya tangawizi inayouzwa Kenya huvuka mpaka kutoka Uganda, na nyingine hutoka Same, Tanzania. Ukubwa wake haukwambii lolote kuhusu ladha. Mara nyingi ile ndogo ya kienyeji ndiyo yenye makali, na udongo uliobaki juu yake ni dalili njema, kwa maana tangawizi ikioshwa kisha ikafungwa gunia kabla haijakauka hushika ukungu kwenye maungio.

Mwambie muuzaji kwa heshima, "Shosho, naomba nivunje kidogo ninuse." Tangawizi nzuri ikivunjwa hutoa mlio mkavu, na harufu hupanda puani hata kabla hujaisogeza usoni. Kidole kinachopinda kabla ya kukatika kimekaa siku nyingi. Sasa tazama pale palipokatika. Pawe na rangi ya maziwa yaliyoingia manjano na unyevunyevu unaong'aa, na nyuzi zionekane lakini zisiwe nene kama za mkonge. Ukiona mviringo hafifu wa samawati usiogope. Kuna aina zinazozaliwa hivyo. Kwangu kinachoiharibu tangawizi ni harufu ya ghala kwenye maungio, hata kama sehemu nyingine ni safi. Hiyo siinunui kwa bei yoyote.

Umri nao una maana. Tangawizi ya miezi mitano au sita ina ngozi unayoweza kuikwangua kwa ukucha; ni laini, ina maji mengi, inafaa achari na mboga. Ile ya miezi minane au tisa, iliyochimbwa majani yakiwa yamegeuka manjano na kulala, ina nyuzi na ina moto. Hiyo ndiyo ya kukausha na ya kutengenezea dawa ya kifua. Weka kipande chembamba ulimini usubiri. Ukali mzuri huchelewa, kisha hukaa nyuma ya koo. Jikoni kumbuka kwamba tangawizi iliyokaushwa vizuri huwa kali kuliko mbichi, kwa sababu viini vyake hubadilika ikikauka, na kwamba kuchemsha kwa muda mrefu huipooza. Anayetaka chai ya kuchoma aiponde na kuitia sufuria ikikaribia kuepuliwa. Anayetaka chai laini, yenye utamu wa tangawizi bila mwasho, aichemshe taratibu tangu mwanzo pamoja na maji.

Dhania haihitaji maneno mengi. Inunue ikiwa na mizizi. Majani yawe mapana, na ukiona yamechanika kuwa membamba kama manyoya, mmea umeanza kutoa maua na ladha imeshageuka. Joto ndilo linaloiharakisha, ndiyo sababu ile ya mashamba ya juu hushinda. Kung'uta fungu: maji mengi yakidondoka, limenyunyiziwa ili lionekane bichi, na kesho litaoza katikati. Sehemu inayonukia zaidi ni kikonyo karibu na mzizi, ambacho wapishi wengi hukikata na kukitupa. Kikate vipande vidogo ukikaange na kitunguu cha githeri.

Rosimeri ya ua la nyumbani inaweza kuwa bora kuliko ya dukani ikikatwa ncha zake changa, si miti yake. Jani liwe la kijani kizito juu na jeupe chini, na ukilifinya liache utomvu vidoleni. Likaushwe kivulini penye upepo. Rosimeri kavu iliyogeuka kahawia ilianikwa juani, na mafuta yake yaliondoka na jua. Vivyo hivyo kwa mchaichai unaopandwa kwenye kingo za matuta kuzuia udongo: kata asubuhi umande ukishakauka, anika kivulini, na ukiusugua baada ya wiki bado unukie limau.

Pilipili inapinga kanuni niliyotoa juu, na inafaa kujua kwa nini. Kiini chake cha ukali hakiruki hewani kama mafuta ya harufu. Pilipili iliyosahaulika dukani mwaka mzima itakuchoma vilevile, ingawa harufu ya tunda imekwisha kabisa. Kwa hiyo usiihukumu kwa ukali. Ihukumu kwa harufu na kwa rangi. Iwe nyekundu yenye mng'ao, bila mabaka meupe, na ukiitikisa ikiwa kavu, mbegu zilie ndani. Kisha ipasue. Ule utando mweupe unaoshika mbegu ndio unaobeba ukali mwingi, na ndimo ukungu wa kijivu hujificha wakati ngozi ya nje bado inapendeza. Uliza pia ilianikwa juu ya nini. Iliyoanikwa juu ya udongo mtupu iache. Mashariki ya Kenya inajua gharama ya ukungu: mwaka 2004 sumu ya aflatoksini, iliyotoka kwenye mahindi, iliua watu 125 kati ya 317 walioripotiwa kuugua. Pilipili nayo hushika sumu hiyo ikikauka vibaya. Uchaga wa miti na turubai safi husaidia kuizuia.

Kuhusu viungo vilivyosagwa msimamo wangu ni mkali. Nunua vizima, usage mwenyewe kidogo kidogo. Iliki iwe ya kijani, imefunga, na mbegu za ndani ziwe nyeusi na za kunata. Bizari ya manjano ivunjwe uone rangi ya chungwa iliyokolea hadi katikati. Unga wa bizari unaong'aa kupita kiasi una sababu ya kutiliwa shaka. Mwaka 2019 watafiti walichapisha matokeo kutoka Bangladesh yaliyoonyesha kwamba bizari ilikuwa ikitiwa rangi yenye risasi ili iwe ya njano zaidi, na risasi hiyo iliingia katika damu ya walaji. Ukilazimika kununua pakiti, angalia alama ya shirika la viwango, KEBS, na tarehe ya kufungwa.

Sasa muthiga, mti ambao kwa maoni yangu ndio kiungo kikuu cha mlima huu, ingawa vitabu vya mapishi haviutaji. Wataalamu huuita Warburgia ugandensis. Gome lake hutafunwa kwa kikohozi, kwa jino linalouma na kwa tumbo, na watu wamekolezea mchuzi kwa gome na majani yake. Weka kibanzi mdomoni. Kwanza huja uchungu, na mtu asiyeujua hutaka kutema. Subiri. Baada ya muda mfupi ulimi huanza kuwaka kama umeguswa na pilipili manga, kisha moto husambaa kwenye mashavu na kushuka kooni, na hukaa muda mrefu. Muthiga usiowasha si muthiga, au ni muthiga uliokufa ghalani.

Gome zuri hukwanguliwa ganda la nje, likabaki lile la ndani lenye wekundu, gumu, linalovunjika kwa mlio. Unga wake huwezi kuutambua kwa macho, na anayetaka kukupunja anaweza kuchanganya gome la mti wowote. Onja kabla ya kulipa. Lakini kuna kipimo kingine ambacho mnunuzi mwenye heshima hawezi kukiruka: umbo la gome. Vibanzi vyembamba vya wima vinaonyesha kwamba mvunaji alichukua upande mmoja na kuuacha mti ukijiponya. Gome pana lililojikunja likawa bomba zima limevuliwa kuzunguka shina lote. Chakula cha mti hushuka mizizini kupitia gome, na ukilikata duara mizizi hufa njaa na mti hufuata. Gome la namna hiyo ni baya hata likiwa kali kiasi gani, kwa kuwa hakutakuwa na lingine kutoka mti huo. Na hakuna haja. Majani ya muthiga yana ukali huo huo, na hukatwa leo yakachipua tena. Majani machache kwenye supu ya mbuzi yanatosha.

Mti wa mwiria ni habari tofauti. Gome lake na majani yake yakisagwa hunukia lozi chungu, na hicho ndicho kitambulisho chake. Biashara ya gome hilo kwa dawa za tezi dume huko Ulaya ilikua mpaka mti ukawekwa mwaka 1995 katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Harufu ya lozi hutokana na viini vinavyotoa sayanidi. Mwiria si wa kuchemshwa nyumbani kwa kukisia. Mzee anayepata shida ya mkojo apelekwe hospitali.

Onyo hilo nalipanua. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inatambua tiba ya asili, lakini kutambuliwa kwa tiba hakuthibitishi kilichomo ndani ya karatasi ya mchuuzi. Muthiga hutuliza koo. Hauchukui nafasi ya dawa ya malaria. Mjamzito na mtu mwenye vidonda vya tumbo wasiutumie bila kumuuliza mhudumu wa afya.

Mbegu ya muthiga haihifadhiki. Ikikauka inakufa, kwa hiyo hupandwa ikiwa mbichi, mara tu tunda linapoiva. Aliye na shamba la ukubwa wowote Manyatta, Runyenjes, Nkubu au Igoji anaweza kupata miche kwenye kitalu cha miti na kuweka miwili mitatu mpakani mvua za Oktoba zinapoanza. Iache ikue, uchume majani, na gome uiachie miti.