Dakika 180 bila bao: Mazembe ya 2010 na kazi ya Kidiaba

Desemba 2009 TP Mazembe ilikwenda Abu Dhabi kwenye Kombe la Dunia la Klabu ikiwa na Trésor Mputu, mshambuliaji wake hatari kuliko wote. Ilicheza mechi 2 ikapoteza zote: 2-1 mbele ya Pohang Steelers ya Korea Kusini, kisha 3-2 mbele ya Auckland City ya New Zealand. Desemba iliyofuata ilirudi kulekule bila Mputu, ambaye FIFA ilikuwa imemfungia, ikiwa na kipa wake namba moja yuleyule, Robert Kidiaba Muteba. Safari hii ikacheza dakika 180, dhidi ya Pachuca ya Mexico na Internacional ya Brazil, bila mtu kuokota mpira ndani ya nyavu zake. Ikawa klabu ya kwanza ya Afrika kutinga fainali ya mashindano hayo.

Mabao 5 mwaka mmoja, sifuri katika mechi 2 za mwaka uliofuata. Je, mikono ya Kidiaba ilikuwa imebadilika ndani ya miezi 12? Haikubadilika. Kilichobadilika ni kazi aliyopewa, na bila kuielewa kazi hiyo huwezi kumlinganisha na kipa mwingine yeyote.

Ulinganisho wenyewe huku kwetu Masisi ni ubishi wa siku zote. Kwenye barabara inayotoka Sake kwenda Minova, pale Shasha kando ya ziwa, kijana akimsifia Kidiaba atajibiwa na mzee kwa jina la Kazadi Mwamba, kipa wa Englebert na wa Zaïre. Kijana atasema, "Papa, huyo si ndiye aliyefungwa tisa?" Mzee atauliza, "Mwanangu, hizo tisa ulizihesabu wewe mwenyewe?" Vita imewahamisha watu wa barabara hii mara nyingi, na ubishi umehama nao. Kosa lake ni kwamba pande zote mbili hubishana kwa idadi ya mabao tu.

Wamarekani wamewahi kuutatua ubishi wa namna hii katika mchezo ambao huku hatuuchezi kabisa, besiboli. Yupo pale mtu mmoja mwenye mzigo kama wa kipa: mrushaji anayeanza mechi. Mzigo wake hata ni mkubwa zaidi, kwa sababu timu ikishinda au ikipoteza, matokeo mara nyingi huandikwa kwenye jina lake. Mwaka huohuo wa 2010, Félix Hernández, Mvenezuela wa Seattle Mariners, alimaliza msimu akiwa na ushindi 13 na vipigo 12. Ukiishia hapo utamwona mrushaji wa kawaida. Lakini alikuwa ameruhusu wastani wa pointi 2.27 kwa kila mechi nzima ya vipindi 9, wastani mdogo kuliko wa mrushaji yeyote katika ligi yake. Timu yake ndiyo iliyokuwa mbovu: ilipoteza mechi 101. Waandishi waliopiga kura wakampa tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora wa mwaka. Walitenganisha alichofanya mtu na kilichofanywa na wenzake.

Sisi kwenye kandanda hatuna hesabu safi kiasi hicho, hasa kwa mechi za zamani. Tunachoweza ni kuangalia timu iliyosimama mbele ya kipa ilimwachia mipira ya aina gani.

Tuanze na Mazembe ya kocha Lamine N'Diaye, Msenegali aliyeichukua timu mwaka 2010. Mazoezi ya Abu Dhabi yalifanyika kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa. Tarehe 31 Oktoba, kwenye uwanja wa Kibassa Maliba katika komini ya Kenya, Lubumbashi, Mazembe iliichapa Espérance ya Tunis mabao 5-0. Watu wanaikumbuka siku hiyo, nami sibishi, lakini kwa mchambuzi mechi ya marudiano kule Radès ina faida zaidi. Mazembe ilikwenda kulinda mtaji, na ikatoka 1-1. Ilijifunza kuishi dakika 90 huku mpinzani ndiye mwenye haraka.

Desemba, kwenye robo fainali dhidi ya Pachuca, Bedi Mbenza alifunga dakika ya 21. Zilibaki dakika 69 za kulinda bao moja. Nusu fainali, tarehe 14, Kabangu aliutuliza mpira ndani ya boksi la Internacional dakika ya 53 na kuukunja hadi kona ya mbali. Dioko Kaluyituka akaongeza la pili dakika ya 85 kwa shuti la chini baada ya kumchezesha beki upande wa kushoto. Jumlisha: katika mechi hizo 2 Mazembe iliongoza kwa zaidi ya dakika 100 na haikuwa nyuma hata kwa dakika moja. Timu isiyo nyuma haina sababu ya kufunguka. Iliwaachia Wabrazil mpira, mabeki akina Joël Kimwaki wakakaa karibu na boksi lao, na mbele wakabaki watu wa mbio wa kupokea mpira mrefu.

Nionavyo mimi, hapa ndipo kukosekana kwa Mputu kulipoisaidia timu, ingawa mashabiki wake hawatanisamehe. Ukiwa na mchezaji kama yule unampelekea mpira, na wenzake wanapanda kumfuata kwa sababu wanajua jambo litatokea. Mpira ukipotea, nyuma ya viungo kuna shamba. Bila yeye, N'Diaye hakuwa na mtu wa kumjengea mashambulizi ya subira, akajenga timu ya kukaa na kushtukiza.

Sasa kazi ya kipa. Lango lina upana wa mita 7.32. Mshambuliaji akisimama mbele ya katikati ya lango, umbali wa mita 11, na kipa akabaki kwenye mstari, kipa ana mita zote 7.32 za kulinda. Kipa akitoka mita 3 mbele, upana anaopaswa kuufunika pale aliposimama unapungua hadi mita 5.32 hivi. Akitoka mita 4, unakuwa kama mita 4.66. Kwa hatua chache amemnyang'anya mpigaji zaidi ya theluthi ya lango kabla hata ya kuruka. Gharama zake ni mbili: mpira wa kuinuliwa juu ya kichwa chake, na pasi ya pembeni kwa mtu wa pili asiye na mlinzi.

Kidiaba hakuwa mrefu kwa kipimo cha makipa wa leo, na alikuwa kipa wa kutoka. Nyuma ya timu inayopanda, tabia hiyo ni hatari, maana kila akitoka kuna nafasi kubwa kati yake na mabeki, na kuna mtu wa pili wa kupewa pasi. Nyuma ya timu iliyokaa ndani, gharama zote mbili zinashuka. Mpira wa kuinuliwa unataka nafasi na muda, na mpigaji aliyezungukwa na miguu ya mabeki hana muda. Mtu wa pili tayari ana beki mgongoni. Anachobakiwa nacho Mbrazil ni shuti, tena la haraka, akiwa anamwona kipa anayekuja na lango linalozidi kuwa dogo. Rafael Sóbis alijaribu akanyimwa. Giuliano, aliyeingia kutoka benchi, naye akanyimwa. Kila mara kipa alikuwa amefika karibu kabla mguu haujagusa mpira, na ndiyo maana uokoaji huo hauna uzuri wa picha za ukutani. Una faida tu.

Kuna ushahidi wa upande wa pili, nao ni fainali yenyewe. Tarehe 18 Desemba Inter Milan ilipata bao dakika ya 13 kupitia Goran Pandev, na la pili dakika ya 17 kupitia Samuel Eto'o. Mabao 2 ndani ya dakika 4, na mpango wote ukawa hauna kazi, kwa sababu timu ya kushtukiza ikishakuwa nyuma kwa mabao 2 lazima yenyewe iufuate mpira. Dakika ya 85 Jonathan Biabiany alimpiga chenga kipa aliyetoka na kufunga la tatu. Ni utokaji uleule, miguu ileile. Tofauti ni shamba lililokuwa wazi mbele yake. Anayetaka kusema Kidiaba alicheza vibaya siku hiyo aniambie kwanza angebaki mstarini afanye nini.



Tumgeukie Kazadi. TP Englebert, ndiyo Mazembe ya leo kabla ya kubadili jina, ilicheza fainali 4 mfululizo za Kombe la Klabu Bingwa Afrika, kuanzia 1967 hadi 1970. Dhidi ya Asante Kotoko ya Kumasi mwaka 1967 ilikuwa 1-1 na 2-2, na kombe likaja kwa sababu Kotoko hawakufika kwenye mechi ya kuamua. Mwaka 1968 ikaifunga Étoile Filante ya Lomé 5-0 nyumbani, ikafungwa 4-1 ugenini. Mwaka 1969 ikatoka 2-2 na Ismaily ya Misri, kisha ikafungwa 3-1. Mwaka 1970 Kotoko wakalipiza: 1-1 na 2-1. Hesabu: mechi 8 za fainali, mabao 14 ya kufunga, 15 ya kufungwa, makombe 2. Weka kando yake fainali za 2009 na 2010: dhidi ya Heartland ya Nigeria 1-2 na 1-0, dhidi ya Espérance 5-0 na 1-1. Mechi 4, mabao 8 ya kufunga, 3 ya kufungwa, makombe 2.

Kama klabu, sioni mjadala. Englebert ilikuwa timu ya kutaka kufunga zaidi ya inavyofungwa, na mara 2 kati ya 4 hesabu hiyo ilikataa. Mazembe ya 2009 na 2010 ilijua kulinda ilichopata.

Kwa kipa hesabu hiyo inageuka. Aliyesimama nyuma ya Englebert alikuwa nyuma ya timu iliyo wazi, na angefungwa hata angekuwa nani. Enzi hizo, kweli, kulikuwa na unafuu mmoja: hadi 1992 kipa aliruhusiwa kuudaka mpira aliorudishiwa na beki wake kwa mguu, kwa hiyo timu iliyobanwa ilikuwa na mahali pa kupumulia. Kidiaba hakuwahi kuupata unafuu huo katika miaka yake ya Mazembe. Lakini Kazadi alikuwa langoni Congo ilipoifunga Ghana 1-0 Addis Ababa na kutwaa Kombe la Afrika mwaka 1968, na alikuwamo tena nchi hiyohiyo, sasa ikiitwa Zaïre, ilipolitwaa mwaka 1974. Kidiaba na timu ya taifa alitwaa CHAN ya 2009, na kwenye Kombe la Afrika lenyewe aliishia nafasi ya tatu, mwaka 2015.

Halafu hizo tisa. Tarehe 18 Juni 1974, kwenye Kombe la Dunia, Gelsenkirchen, Yugoslavia ilipokuwa imeifunga Zaïre mabao 3, kocha Blagoje Vidinić alimtoa Kazadi mapema katika kipindi cha kwanza na kumwingiza Dimbi Tubilandu. Mabao 6 yaliyofuata hayakumpita Kazadi, alikuwa ameketi. Kwenye Kombe la Dunia lile Zaïre ilifungwa mabao 14, na yake ni 8: 2 ya Scotland, 3 ya Yugoslavia, 3 ya Brazil.

Moja katika hizo 8 ndilo la kulaumiwa, na si la Yugoslavia. Siku 4 baadaye, Brazil ilikuwa inahitaji mabao 3 ili kuiondoa Scotland kwa tofauti ya mabao. Dakika ya 79 Valdomiro alipiga kutoka upande wa kulia, shuti lisilo na makali, na mpira ukapita chini ya Kazadi kwenye nguzo ya karibu. Kipa akisimama kwenye pembe ile, nguzo ya karibu ni yake kwanza. Ya mbali anaigawana na mabeki. Kazadi aliwahi kuanguka, mpira ukamponyoka tumboni. Scotland ikarudi nyumbani bila kupoteza mechi. Valdomiro alikuwa mchezaji wa Internacional ya Porto Alegre, klabu ileile ambayo Kidiaba aliifungia mlango miaka 36 baadaye.

Hukumu yangu basi. Kwa mechi moja ambayo timu imeshatangulia, nikiwa na Kimwaki na wenzake mbele ya lango, ninamchagua Kidiaba bila kusita. Kwa timu iliyo wazi, inayoshambuliwa kutoka kila upande, ninamchagua Kazadi, kipa wa Makombe 2 ya Afrika. Na vijana wa Shasha wanaotaka kumshusha wamdai bao la Valdomiro, ambalo ni deni lake halali. Yale 6 wamwachie Tubilandu na kocha aliyempeleka uwanjani timu ikiwa tayari imevunjika.