Usukani Mtamu, Siti ya Nyuma Tulivu

Mwanamume akishapata mtoto wa pili, madalali wa magari humhukumia Noah. "Mzee, wewe una familia, chukua hii. Milango ya kuvuta, siti nane, vipuri kila kona." Ushauri wenyewe si mbaya, maana Noah zimebeba harusi, misiba na wanafunzi wa Kanda ya Ziwa kwa miaka mingi bila kulalamika. Ninachokikataa ni wazo lililojificha ndani yake: kwamba kufurahia usukani ni mambo ya ujana, na baba wa watoto amebakiwa na kazi ya kusafirisha tu. Upo ufundi wa kuchagua gari ambalo dereva analifurahia na watoto wanalala usingizi ndani yake. Tunamsifu mshona suti na mchonga vigoda, lakini mchaguzi mzuri wa gari tunamwita mtu mwenye bahati.

Tuiweke sawa kwanza hiyo raha, kwa sababu inasingiziwa mengi. Ukitaja gari tamu, wengi wanawaza ligi na mshale wa spidi uliolala upande wa kulia. Huo ni utamu wa dakika mbili, halafu trafiki anatokea kwenye kivuli cha mwembe na tochi yake. Raha ninayoizungumzia ipo hata kwenye mwendo wa 50 unaoruhusiwa vijijini. Unaikuta kwenye usukani unaokupa habari za barabara, unajua tairi la mbele limekanyaga mchanga kabla jicho halijauona. Unaingia kwenye kona na bodi hailali ubavu. Unashika breki na pua haizami. Unavuka tuta, gari linashuka mara moja na kutulia. Sasa mfikirie mtoto wa miaka sita aliyekaa nyuma. Kinachomtapisha ni huko kulala ubavu, huko kuzama kwa pua, na ule mchezo wa juu chini usiokoma baada ya tuta. Gari linalomfurahisha dereva kwa namna hii ndilo linalomwachia mtoto chai yake tumboni.

Sisi wa Ibadakuli, Shinyanga, hatuhitaji uwanja wa majaribio. Ukishika lami ya Mwanza unakutana na matuta ya vijiji, malori, na mabasi ambayo upepo wake hulisukuma gari jepesi pembeni. Unapita Maganzo, penye njia ya kwenda kwenye almasi za Mwadui, halafu Mabuki na Misungwi. Pale Usagara, anayekwenda Geita anakata kushoto hadi Kigongo. Zamani hapo ndipo safari iliposimama, watoto wakinunuliwa karanga huku mnasubiri kivuko. Tangu Juni 2025 kuna Daraja la J.P. Magufuli, kilomita 3 hivi juu ya maji hadi Busisi, na upepo wa ziwa unaligonga gari ubavuni. Mbele ya Sengerema vilima vinaanza, na kona pamoja navyo. Bado hujaacha lami kwenda kijijini kusalimia wazee. Wakulima wa Kisukuma wanautenganisha udongo wa mchanga wa juu, luseni, na ule mweusi wa bondeni, mbuga, na gari nalo linautenganisha vilevile: kwenye luseni linazama taratibu, kwenye mbuga iliyonyeshewa linateleza kama sabuni mkononi.

Yupo fundi mmoja wa huku ninayemheshimu sana kwa kukagua. Haanzi na injini, na hilo huwaudhi wauzaji waliokwisha kuiosha ikang'aa. Anafika asubuhi na mapema kwa sababu anataka kulikuta gari limelala, injini ya baridi, kabla mtu hajalipasha moto ili lifiche mlio wake. Anachuchumaa kwenye tairi na kusoma zile tarakimu nne pembeni, mbili za wiki na mbili za mwaka lilipotengenezwa. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kwa jua la Shinyanga, tairi lenye meno mazuri lakini uzee mkubwa ni la kutupa. Anapapasa tairi upande wa ndani, ambako wanunuzi hawapapasi. Likiwa limelika huko peke yake, anajua balansi ya miguu imeharibika au bushi zimekufa, na kwamba usukani wa gari hilo utakuwa unasema uongo. Anaingia chini, anatikisa tairodi, anaangalia kama shokapu zimelowa mafuta. Anawasha swichi bila kupiga stata na kutazama dashibodi. Taa ya cheki injini inatakiwa iwake, kisha izimike injini ikishanguruma. Isipowaka kabisa, anatabasamu na kufunga mlango, kwa maana kuna mtu amekwisha kuizima ili isitoe siri.

Ndipo anapoendesha. Redio imezimwa, vioo vimefungwa, halafu vimeshushwa. Penye lami iliyonyooka na tupu analegeza vidole aone gari linaelekea wapi lenyewe. Anashika breki kwa nguvu mara moja, kwa upole mara nyingi. Halafu anapita kwenye barabara mbovu polepole mno, maana kwenye mwendo wa kutembea kwa miguu ndipo bushi iliyokufa inapogonga waziwazi. Ukimwangalia unaelewa kwamba mkono wake unakumbuka magari mengi, na kila jipya analipima kwa yale.

Jambo analolichukia ni spesa, na hapo tuko pamoja. Mtu ananunua Mark X, gari zuri la chini lenye injini ya lita 2.5 ya silinda sita na tairi za nyuma zinazosukuma, lililoundwa lishike lami. Wiki ya pili limegusa tuta. Wiki ya tatu amelinyanyua kwa vipande vilivyobanwa juu ya shokapu. Sasa uzito umepanda juu, pembe za miguu zimebadilika, na lile gari la kona limekuwa na wasiwasi kwenye kona. Amelipa bei ya raha halafu akalipa tena ili iondolewe. Kama barabara zako zinadai kimo, tafuta gari lililozaliwa na kimo.

Kwamba gari la nyumbani linaweza kuwa gari la kushindania, Afrika Mashariki imejua kabla ya sehemu nyingi za dunia. Mashindano ya magari ya Safari yalianza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwenye vumbi na tope hilihili. Mwaka 1965 Joginder Singh na nduguye Jaswant walishinda kwa Volvo PV544 ambalo halikuwa hata jipya. Miaka miwili iliyofuata, 1966 na 1967, alishinda mtu wa kwetu, Bert Shankland wa Dar es Salaam, kwa Peugeot 404. Gari hilo lilishinda pia mwaka 1963 na 1968. Na 404 ilikuwa gari la aina gani? La daktari, la mkuu wa shule, la mfanyabiashara wa pamba. Lilikuwapo hata toleo la Familiale, lenye safu tatu za siti. Nguvu yake haikuwa ya kutisha. Miguu yake ilikuwa mirefu, laini na yenye adabu, na dereva aliweza kuiamini siku nzima. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari kwa Subaru Impreza, na mwaka huohuo Subaru walitoa Forester, iliyojengwa juu ya msingi wa Impreza.

Ndiyo maana nikiulizwa naanza na Forester ya zamani ya lita 2.0 isiyo na turbo. Pistoni zake zimelala, zinatazamana kushoto na kulia, kwa hiyo injini inakaa chini na gari halina kichwa kizito ingawa tumbo lake liko juu ya tuta. Tairi zote nne zinasukuma, jambo ambalo mbuga ya Machi itakukumbusha. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 1,994, chini kidogo ya mstari wa 2,000 ambapo ushuru wa bidhaa unapanda kutoka asilimia 5 hadi 10. Ukiagiza Japani, kumbuka na tozo ya uchakavu, inayoanza gari likifikisha miaka minane na kupanda likizidi kuzeeka. Sitakuficha ubaya wake: injini hizo hupenda kuvujisha mafuta, na mkanda wa taimingi unadai kubadilishwa kila kilomita 100,000, hata kama muuzaji anaapa kwamba bado mpya. Asiyetaka Subaru atafute Caldina; ni wagoni lenye buti refu, Toyota ambayo fundi yeyote anaifungua, na linapinda kona kwa heshima kuliko Harrier nyingi zinazopigiwa saluti mjini. Turbo waachie wasiolipa ada za shule.

Tusisahau wanaopanda. Mama mkwe ndiye mkaguzi wa mwisho: siti iwe usawa wa nyonga zake, akae bila kupanda wala kudumbukia, na Forester linamfaulisha wakati Mark X linamwomba apige magoti. Buti limeze magunia mawili ya mchele na begi la mtoto. Mikanda ya nyuma yote mitatu ifunge na kufyatuka. Katika magari ya mtumba mara nyingi imesukumwa chini ya siti na haijaguswa tangu Japani. Tangi lijazwe ujue linakufikisha wapi, kwa sababu simu ya msiba haisubiri mwisho wa mwezi.

Basi ukilipata unalolitaka, usilipe kitu siku hiyo. Mpe mama watoto usukani, watoto wapande, na wewe ukae nyuma katikati, kuanzia Ibadakuli hadi Maganzo na kurudi. Mkirudi, wao ndio waanze kusema.