Ngoma za Sado: Nani Mwenye Asili?

Kuna neno moja ambalo sisi waandishi chipukizi tumechapwa nalo sana: asili. Ukileta shairi lisilo na vina, unaambiwa si la asili. Ukileta hadithi ya vijana wa kijiweni, eti hujui utamaduni wako. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi, diwani iliyoacha urari wa vina na mizani, wako waliosema hayo si mashairi ya Kiswahili hata kidogo. Ugomvi huo ulianza hatujazaliwa, lakini tumeurithi. Ndiyo maana naomba nafasi katika kurasa hizi nizungumzie ngoma za Wajapani. Usicheke, ndugu msomaji, habari yenyewe inatuhusu.

Agosti 2023 nilikuwa Niigata, mji wa bandari, kwa dada yangu anayesoma huko. Kutoka hapo nilipanda meli kwa muda wa saa mbili na nusu hadi kisiwa cha Sado. Zamani kisiwa hiki kilikuwa mahali pa kuhamishia watu waliowaudhi wakubwa. Hata Zeami, bingwa wa tamthilia za noh, alitupwa huku mwaka 1434. Siku hizi watu wanakwenda kwa hiari yao, na wengi huenda mwezi Agosti kwa ajili ya Earth Celebration, tamasha la siku tatu ambalo kikundi cha Kodo kilianza kuliandaa mwaka 1988 katika mji mdogo wa Ogi. Melini abiria mmoja aliniambia kwamba nakwenda kuiona "Japani ya kale yenyewe". Nikaenda na hamu hiyo.

Sasa tuulizane: ya kale kiasi gani? Ngoma yenyewe, taiko, ni ya kale kweli. Ipo sanamu ya udongo ya karne ya 6 inayomwonyesha mpiga ngoma. Taiko ilipigwa hekaluni, vitani, na katika michezo ya jukwaani. Lakini kundi la watu wanaopiga ngoma nyingi za ukubwa mbalimbali pamoja, hili linalojaza kumbi za dunia, limezaliwa mwaka 1951 huko Nagano. Aliyelianzisha ni Oguchi Daihachi, mpiga dramu za jazi! Huyu bwana aliona kuwa ngoma moja peke yake inachosha, akazipanga kubwa, za kati na ndogo, kila moja na kazi yake, kama mtu anavyokaa kwenye seti ya dramu. Kikundi cha Ondekoza kikafuata Sado mwishoni mwa miaka ya 1960, na baadhi ya watu wake ndio waliounda Kodo mwaka 1981. Onyesho la kwanza la Kodo halikufanyika hekaluni wala shambani. Lilifanyika Berlin.

Kwa hiyo "ukale" ule wa abiria wangu una umri wa babu zetu tu. Je, tumedanganywa? La hasha. Hapa ndipo mhakiki anapaswa kutulia, maana kazi hupimwa kwa inachofanya, si kwa cheti cha kuzaliwa.

Inafanya nini? Jukwaa liko juu ya kilima cha Shiroyama, bandari ikiwa chini, na watazamaji wanakaa kwenye nyasi. Wanachosubiri wengi ni o-daiko, ngoma kubwa ambayo mzinga wake umechongwa kutoka gogo moja la mti. Mpigaji hupiga uwinda, akawapa watazamaji kisogo, kisha akainua mikwiro minene kama mapaja ya mtoto. Mlio unakuingia tumboni kabla haujafika sikioni. Si mchezo. Lakini nitasema ukweli wangu: shangwe nyingi zinakwenda kwa misuli. Watu wanashangilia ukubwa wa ngoma na jasho la mgongo, kama kwenye mashindano ya kunyanyua vyuma, na muziki wenyewe unabaki nyuma. Wahenga walisema ngoma ikivuma sana hupasuka. Hapa haipasuki, ila masikio yanachoka.

Linganisha na Monochrome, kazi ambayo Ishii Maki aliwatungia Ondekoza mwaka 1976, na ambayo Kodo wameirithi. Nimeirudia kwenye rekodi mara nyingi. Inaanza kwa vingoma vidogo vilivyokazwa sana, vinapigwa kwa sauti ya chini kama mvua inayoanza juu ya bati, inaongezeka, inapungua, mpaka hujui nani anapiga lipi. Nguvu yake iko kwenye kujizuia. Wajapani wana neno, ma, kwa nafasi iliyo kati ya mlio na mlio, nayo inahesabiwa kuwa sehemu ya ngoma. Ni wangapi kati yetu wanaoweza kuacha nafasi kama hiyo katika hadithi? Tunamlundikia msomaji sifa tatu kwa kila nomino, hapumui.

Sado kuna ngoma nyingine pia, onidaiko, ngoma ya mazimwi. Hii ndiyo ya vijijini. Watu waliovaa vinyago vya zimwi hucheza mbele ya mpiga ngoma, na wakati wa sherehe za vijiji huenda nyumba hadi nyumba kufukuza balaa na kuombea mavuno. Hapo hakuna tiketi, na hakuna anayekaa kukodoa macho tu. Mwenye nyumba anatembelewa, anakaribisha, naye anakuwa sehemu ya ngoma. Sisi tunaoita ngoma chombo, mchezo na shughuli nzima kwa neno lile lile tunaelewa mara moja kilichopotea pale Shiroyama. Jukwaa limeongeza ufundi, limepunguza ujirani. Huo ndio upungufu wa kweli wa Kodo. Upya wao si kosa.

Lakini tusiufanye ukale kuwa mungu. Neno asili lina meno. Burundi, ambako ngoma za kifalme ziliingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2014, amri ya rais ya mwaka 2017 ilipiga marufuku wanawake kupiga ngoma hizo, kwa jina la mila. Hapo jirani, kwa Wagogo wa Dodoma, wanawake ndio wanaoshika muheme katikati ya magoti na kuupiga. Nani mwenye asili hapo? Katika Kodo wanawake wapo jukwaani, na hakuna zimwi lililolalamika.

Kitu kimoja zaidi, hiki kwa ajili yetu. Anayetaka kuingia Kodo hukaa miaka miwili ya uanafunzi hapo kisiwani. Anaishi na wenzake katika jengo la zamani la shule, anakimbia alfajiri, analima mpunga, anachonga mikwiro yake mwenyewe. Hata akimaliza, hana hakika ya kuchukuliwa. Sisi tunaandika hadithi Jumamosi na kutaka ichapishwe Jumatatu, ikikataliwa tunasema wazee wanatubania.

Basi ombi langu ni hili. Anayetaka kuliponda shairi huru aliponde kwa sababu mistari yake imelegea, kama mimi nilivyoiponda o-daiko kwa kelele zake. Asilete hoja ya umri. Nasi tunaojiita wapya tuonyeshe mikwiro tuliyoichonga. Wenye vina na mizani, uwanja ni wenu, jibuni.