Kamani Haizidi Ugumu kwa Kukazwa

Aghalabu mwendesha bodaboda aonapo shokapu za nyuma zinagota katika kila shimo, hutwaa spana ya kulabu akaikaza ile pete ya vidato mpaka mwisho, akiamini ya kuwa ameitia kamani ugumu. Ilhali waya ni uleule, unene ni uleule, na uzito ulioibonyeza milimita moja jana ndio utakaoibonyeza milimita moja leo. Alichokipata ni kiti kilichoinuka.

Jambo hili lilinidhihirikia Tanga, kwa pikipiki ya kijana wa jirani achukuaye abiria mchana kutwa katika barabara ya vumbi. Tuliisimamisha kwa stendi kubwa hata gurudumu la nyuma likaning'inia, nikapima kwa futi kamba toka ekseli hadi alama ya chaki chini ya kiti. Kisha tukaishusha, mdogo wake akashika usukani, naye akapanda pamoja na abiria, miguu juu, nikapima tena. Katika kidato cha kwanza ilizama milimita 45, na mwendo wote wa gurudumu lile, juu na chini, ni 100, ambapo mafundi wengi huridhia theluthi, kwa kuwa gurudumu lahitaji nafasi ya kushukia shimoni kama lihitajivyo nafasi ya kupandia jiwe. Kila kidato kikatuinulia milimita 5, hata katika cha nne tukafika 30. Lakini aliposhuka abiria ilizama 6 tu, na kijana alipoiendesha peke yake gurudumu likawa larukaruka juu ya vijiwe badala ya kuvifuata. Kwa kuwa hurudi nyumbani usiku bila abiria, tukachagua cha tatu: 35 kwa wawili, 11 kwa mmoja.

Hata hivyo kugota hakukwisha. Nilikandamiza kiti kwa nguvu nikakiachia: hakikupanda mara moja kikatulia, bali kilipanda, kikashuka, kikapanda tena. Mafuta ya ndani, ambayo kazi yake ni kupenya katika vitundu vyembamba na kuizuia kamani isirudi kwa pupa, yalikuwa yamevuja, na tope la vumbi lililoganda kwenye ufito wa shokapu ya kulia lilikuwa ushahidi tosha. Kijana alitaka kununua hiyo moja. Nikamsihi anunue jozi, maana ya upande mmoja ikikawia kurudi na mwenziwe ikawahi, mkono wa nyuma hujipinda na pikipiki huyumba konani. Zilipofungwa mpya tulipima tangu mwanzo, nazo, zikiwa na kamani zenye nguvu zaidi, zikatosheka na kidato cha pili.